Nyayo za Meli Baharini

Bwana Mhariri ameniomba niandike somo moja la Jiografia kwa ukurasa huu wa Kiswahili. Nimechagua jambo ambalo halijaingia bado katika vitabu vingi vya shule, nalo ni jinsi meli za uvuvi zinavyofuatiliwa njia zake baharini, na faida ipatikanayo njia hizo zinapowekwa wazi mbele ya watu wote. Najua kwamba sisi wa Uganda hatuna bahari. Lakini tuna ziwa, na twala samaki. Tena wako wenzetu waliosoma hapa ambao leo wanafanya kazi Mombasa na Dar es Salaam. Na zaidi ya hayo, jambo lenyewe lahusu swali ambalo kila kijiji chalijua: mali ya watu wote italindwaje, ikiwa mwenye kuichukua haonekani?

1. Shida yenyewe

Mtu akiiba mahindi shambani huacha nyayo, na wenye shamba huzifuata. Bahari haishiki nyayo. Meli yaweza kuingia usiku katika maji ya nchi nyingine, ikavuta nyavu mpaka alfajiri, ikaondoka. Na jua likichomoza maji ni yale yale, kana kwamba hapakupita mtu.

Kwa sheria, maji hayo yana mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa sahihi mwaka 1982, huipa kila nchi ya pwani haki ya samaki waliomo katika ukanda wa maili 200 za baharini kutoka pwani yake. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Kwa hiyo ukanda huo wafika kilometa 370 hivi. Lakini haki iliyoandikwa karatasini ni jambo moja, na kuilinda ni jambo jingine.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 2009 wataalamu walikadiria kwamba samaki wanaovuliwa duniani kinyume cha sheria au bila kuandikwa popote ni kati ya tani milioni 11 na tani milioni 26 kila mwaka. Nalo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba mwaka 2021 makundi ya samaki wa baharini yaliyokuwa yakivuliwa kupita kiasi yalikuwa 37.7 kwa mia. Aumiaye kwanza ni mvuvi mdogo mwenye ngalawa, ambaye hawezi kwenda mbali kutafuta samaki wengine. Tena serikali yake hupotewa na hesabu. Ikiwa haijui ni samaki wangapi wametolewa, haiwezi kujua ni wangapi wanaofaa kuachwa wazae. Mwenye duka asiyeandika mauzo yake hawezi kujua siku ambayo duka litafilisika, na hivyo ndivyo ilivyo kwa samaki.

2. Vyombo viwili vinavyotoa habari

Sasa tutazame vyombo vinavyotumika. Viko viwili, na yapasa tusivichanganye.

Cha kwanza huitwa kwa herufi tatu, AIS. Hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya samaki hata kidogo. Kilitengenezwa ili meli zisigongane gizani au katika ukungu. Hutangaza kwa redio jina la meli, namba yake yenye tarakimu 9, mahali ilipo, mwendo wake na upande inaoelekea. Meli ikiwa safarini hutangaza hivyo kila baada ya sekunde chache. Kwa amri ya kimataifa, tangu mwisho wa mwaka 2004 meli za safari za nchi kwa nchi zenye ukubwa wa tani 300 au zaidi, pamoja na meli zote za abiria, sharti ziwe na chombo hiki. Lakini meli za uvuvi ziliachwa kwa kila serikali kujiamulia. Hapo mwanzo sauti yake ilisikika kwa umbali wa maili 40 hivi tu. Baadaye zikarushwa setilaiti zenye uwezo wa kuisikia kutoka juu, ndipo meli iliyo katikati ya bahari kuu ikaweza kujulikana ilipo.

Cha pili huitwa VMS. Hiki kimewekwa kwa ajili ya uvuvi hasa. Serikali inayotoa leseni huiambia meli: ukitaka kuvua, funga chombo hiki. Nacho hupeleka habari kwa setilaiti, mara nyingi mara moja kila saa, hadi ofisi ya uvuvi. Habari hizo ni za serikali peke yake. Mtu mwingine hazioni.

Tofauti yake ni hii. AIS ni kama mtu apigaye hodi kwa sauti njiani, na kila aliye karibu humsikia. VMS ni kama barua iliyofungwa, iliyoandikwa jina la afisa mmoja. Ikiwa afisa yule ni mwaminifu na ana wasaidizi wa kutosha, barua itasomwa. Ikiwa ana barua elfu tano kila saa na makarani wawili tu, nyingi hazitafunguliwa. Na ikiwa amepokea bahasha nyingine kutoka kwa mwenye meli, basi barua itatiwa mtotoni. Kwa nini nchi fulani ziliamua kuzifungua barua hizi mbele ya watu wote, ndiyo shabaha ya somo letu.

3. Jinsi ya kusoma nyayo

Nilipofundisha jambo hili darasani niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu karatasi ya miraba, nikawaandikia ubaoni mwendo wa meli moja ya kubuni, saa kwa saa, kwa maili za baharini:

Saa 12 asubuhi: 11
Saa 1: 11
Saa 2: 10
Saa 3: 3 na nusu
Saa 4: 3 na nusu
Saa 5: 4
Saa 6 mchana: 3 na nusu
Saa 7: 11

Kisha nikawauliza, "Meli hii ilifanya nini?" Hawakukawia kujibu. Tangu saa 12 hadi saa 2 ilikuwa ikisafiri. Saa 3 ilipunguza mwendo, ikaenda polepole muda wa saa nne, kisha ikashika safari tena. Meli isiyo na hitilafu haitembei polepole hivyo katikati ya bahari bila sababu. Ilikuwa inakokota wavu.

Kila namna ya uvuvi ina mwandiko wake. Meli ya wavu wa kukokota huenda na kurudi, huku na huku, kwa mwendo wa maili 3 hadi 5 kwa saa, kama ng'ombe wa jembe la plau. Meli ya kamba ndefu yenye ndoana maelfu hunyoosha njia yake muda wa saa nyingi inapotega, hungoja, kisha huirudia njia ile ile polepole ikivuta kamba. Meli ya wavu wa kuzungusha, ivuayo jodari, hukaa ikielea, na mara hukimbia na kuchora duara dogo kulizunguka kundi la samaki. Ajuaye miandiko hii aweza kuitazama njia ya meli tu akasema ilikuwa inavua kwa namna gani, ingawa hakuiona meli yenyewe.

Uko mwandiko mwingine wa kuangaliwa sana. Meli mbili zikikutana mbali na pwani, zikakaa karibu kwa karibu muda wa saa mbili au zaidi bila kusogea ila kidogo, na mojawapo ikiwa meli kubwa yenye majokofu, yafaa tudhani kwamba samaki wanahamishwa kutoka meli hadi meli. Pengine ni halali. Lakini samaki wa wizi wakichanganywa na samaki wa leseni ndani ya jokofu moja, hakuna mnunuzi atakayewatambua.

Kazi ya kusoma nyayo za meli zote haiwezi kufanywa kwa macho ya watu. Mwezi wa Septemba 2016 ilifunguliwa ramani ya watu wote iitwayo Global Fishing Watch, iliyoundwa na vyama viwili vya kulinda bahari na mazingira, Oceana na SkyTruth, pamoja na kampuni ya Google. Kompyuta zilifundishwa miandiko hii kama nilivyowafundisha wanafunzi, ila kwa mifano mingi zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018: walichunguza habari za AIS bilioni 22 za miaka 2012 hadi 2016, wakatambua meli za uvuvi zaidi ya 70,000. Kwa mwaka 2016 peke yake meli hizo zilivua kwa jumla ya saa milioni 40, zikasafiri kilometa milioni 460. Kabla ya hapo hesabu kama hiyo haikuwahi kufanywa.

4. Nchi yenye boti moja

Msomaji ataniuliza, "Je, nyayo hizi zimemkamata nani?" Nitatoa mfano wa Kiribati.

Kiribati ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Tarehe 1 Januari 2015 nchi hiyo ilipiga marufuku uvuvi wa biashara katika eneo la hifadhi la Visiwa vya Phoenix, lenye ukubwa wa kilometa za eneo 408,250. Hilo lazidi Uganda nzima mara moja na nusu. Na kwa ulinzi Kiribati ilikuwa na boti moja la doria.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme mlinzi juu ya boti aona kilometa 10 kila upande, nalo boti laenda kilometa 20 kwa saa. Basi kila saa huchunguza kilometa za eneo 400. Ili kulimaliza eneo lote mara moja lingehitaji saa zaidi ya 1,000, yaani siku 42 mchana na usiku bila kutia nanga wala kuongeza mafuta. Nayo meli ya kuvua jodari huhitaji saa chache tu kuzungusha wavu na kuondoka.

Mwezi wa Juni 2015 meli ya jodari iitwayo Marshalls 203 ilikamatwa kwa kuvua ndani ya hifadhi hiyo. Nyayo zake za AIS zilionyesha njia iliyopita, saa kwa saa. Wenye meli walilipa dola milioni moja za faini, na dola milioni moja nyingine kama mchango kwa nchi. Kwa taifa dogo kama lile, hizo ni fedha nyingi. Yafaa tukumbuke mpango wa mambo: nyayo hazikumshika mtu mkono. Zilionyesha mahali pa kwenda, na zikawa ushahidi. Boti lilihitajika bado, lakini boti lijualo liendako latosha kufanya kazi ya maboti kumi yapapasayo.

5. Indonesia yafungua barua

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa Indonesia, nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000. Mwaka 2014 wizara ya bahari na uvuvi ilikabidhiwa kwa Bi Susi Pudjiastuti. Mama huyu hakumaliza sekondari. Alianza kwa kununua na kuuza samaki Pangandaran, pwani ya kusini ya Java, akafika kuwa na ndege zake mwenyewe za kupeleka kamba-mti sokoni. (Wanafunzi wasifurahi upesi: mwaka 2018, akiwa waziri, alifanya mtihani wa kumaliza sekondari, akafaulu.)

Alizuia leseni za meli za uvuvi zilizoundwa nchi za nje, akakataza kuhamisha samaki baharini, na meli zilizohukumiwa kwa wizi zikazamishwa, nyingi zake za kigeni. Hadi alipoondoka wizarani mwaka 2019 zilikuwa zimezamishwa zaidi ya 500.

Katika miaka hiyo dunia ilijua jambo lililo ovu kuliko wizi wa samaki. Mwezi wa Machi 2015 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walitoa habari za kijiji cha Benjina, katika visiwa vya Aru, mashariki mwa Indonesia. Huko waliwakuta wavuvi, wengi wao watu wa Myanmar, waliodanganywa na kupelekwa melini kwa nguvu, wakafanyishwa kazi bila kuruhusiwa kurudi kwao. Wengine walikuwa wamefungiwa ndani ya kizimba. Waandishi waliona samaki wakipakiwa katika meli ya baridi, kisha wakaifuata meli ile kwa setilaiti muda wa siku 15 mpaka bandari ya Samut Sakhon huko Thailand, na kutoka hapo wakayafuata magari yaliyobeba samaki mpaka viwandani. Baadaye waliitafuta meli nyingine, Silver Sea 2. Setilaiti ikaipiga picha katika maji ya Papua New Guinea, meli za uvuvi zikiwa ubavuni mwake. Mwezi wa Agosti 2015 meli hiyo ilikamatwa na Indonesia. Kwa jumla watu zaidi ya 2,000 walipata uhuru wao kwa sababu ya habari hizo.

Nataka kila mwanafunzi alitafakari jambo hili. Waliozifuata meli zile hawakuwa askari wala maafisa wa uvuvi. Walikuwa raia wenye kalamu. Waliweza kwa kuwa nyayo zile hazikuwa siri. Kama zingekuwa barua iliyofungwa, kijiji cha Benjina kingekaa kimya, na watu wale pengine wangalifia huko.

Mwezi wa Juni 2017, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa bahari huko New York, Indonesia ikawa nchi ya kwanza kuziweka wazi habari zake za VMS. Meli zipatazo 5,000, ambazo nyingi hazikuwa na AIS na hazikuonekana katika ramani yoyote, zikaonekana mara moja mbele ya watu wote. Peru ikafuata mwaka 2018, na baadaye Chile, Panama na nyinginezo.

Je, samaki walinufaika? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya hatua zilizoanza mwaka 2014 uvuvi wote katika maji ya Indonesia ulipungua kwa robo, au zaidi. Nasema kwa uangalifu: upungufu huo ulitokana na kufukuzwa kwa meli za kigeni, si kwa ramani peke yake. Lakini bila habari za vyombo hivi nani angejua kwamba kweli meli zimepungua? Waziri angesema zimepungua, wapinzani wake wangesema hazikupungua, na raia wangemwamini yule apigaye kelele zaidi.

6. Wanaojificha

Darasani mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na mwizi akizima chombo chake?" Swali hilo ni zuri kuliko yote, wala halina jibu jepesi.

Ni kweli, chombo chaweza kuzimwa. Chaweza pia kudanganya, kikasema meli iko Pasifiki na kumbe iko Atlantiki. Uongo wa namna hii pengine hushikwa kwa hesabu ya darasa la saba: meli iendayo maili 15 kwa saa haiwezi kuwa hapa saa 2 na kuonekana maili 300 mbali saa 3. Na meli ya kuzima chombo nayo huacha dalili, kwa maana njia yake hukatika ghafula karibu na mpaka wa nchi fulani, kisha huanza tena baada ya siku kadha. Kimya chenyewe huwa ushahidi wa kuanzia.

Lakini ziko meli ambazo hazitangazi kabisa. Kwa hizi wataalamu wamegeukia rada zilizomo katika setilaiti, ambazo huona chuma juu ya maji hata usiku na hata penye mawingu. Uchunguzi uliochapishwa mwezi wa Januari 2024 ulilinganisha meli zilizoonwa na rada tangu 2017 hadi 2021 na meli zilizojitangaza kwa AIS. Ulionyesha kwamba katika kila meli nne kubwa za uvuvi, kama tatu hivi hazikuonekana katika ramani za wazi. Hii haimaanishi kwamba zote ni za wizi; nyingi huenda hazilazimishwi na nchi zao kuwa na chombo. Lakini yaonyesha ukubwa wa giza lililobaki.

Katika maji ya Korea ya Kaskazini rada hizo, pamoja na picha na mianga ya taa za usiku, zilionyesha meli zaidi ya 900 zenye asili ya China zikivua mwaka 2017, na zaidi ya 700 mwaka 2018, nyingi zikifuata ngisi. Wavuvi wadogo wa Korea ya Kaskazini walisukumwa mbali na maji yao, kwa mashua za mbao zisizofaa kwa bahari ile. Na mashua nyingi zimeokotwa zikiwa zimevunjika katika fukwe za Japani, nyingine zikiwa na maiti ndani. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kufuatilia meli ni mchezo wa kompyuta tu, mwonyesheni mashua hizo.

7. Hoja za wanaopinga

Haki yataka tuwasikilize na wanaopinga. Nahodha asema, "Mahali penye samaki wengi nimepajua kwa miaka ishirini. Mkizionyesha njia zangu, jirani atanifuata." Mwingine asema, "Maharamia nao wataniona." Hoja hizi si za kijinga, wavuvi wetu wa ziwani nao hawamwambii mtu walipovua jana.

Nijibu hivi. Ramani ya wazi haihitaji kuonyesha meli dakika ile ile; habari zaweza kutolewa baada ya siku kadha, na samaki wamekwisha hama. Na penye hatari ya maharamia nahodha huweza kuzima chombo kwa muda na kuarifu. Lakini kubwa zaidi ni hili: samaki yule si wa nahodha mpaka amtoe majini. Kabla ya hapo ni mali ya watu wote, na anayepewa leseni ya kuchukua mali ya wote yampasa akubali kuonekana akichukua. Tena nahodha mwaminifu hupata faida. Siku anaposhitakiwa kwa uongo, nyayo zake humtetea. Na anapokwenda sokoni, aweza kumthibitishia mnunuzi mahali alipovua.

8. Somo hili latuhusu nini?

Wenzetu wa pwani wamekwisha kuanza. Mwaka 2012 nchi za Bahari ya Hindi ya magharibi ziliunda umoja uitwao FISH-i Africa, nazo zikawa nane: Kenya, Tanzania, Msumbiji, Madagascar, Shelisheli, Komoro, Morisi na Somalia. Kazi yake ilikuwa kupashana habari za meli upesi. Meli ya jodari iitwayo Premier, iliyoshitakiwa kuvua bila ruhusa katika maji ya Liberia, ilipokuja Bahari ya Hindi ilikuta nchi zimekwisha kuambiana. Ikanyimwa leseni, na mwaka 2013 mwenye meli akaona heri alipe Liberia. Hapo zamani ingekataliwa Mombasa, ikaenda kuomba kwingine, na hakuna ambaye angejua. Pia tangu mwaka 2016 mkataba wa kimataifa huzitaka nchi zilizouridhia kuzinyima bandari meli za kigeni zenye samaki wa wizi. Mwizi asiye na mahali pa kushushia samaki amefanya kazi bure.

Na ziwa letu je? Victoria ina kilometa za eneo 68,800, nasi twaimiliki pamoja na Kenya na Tanzania. Tangu mwaka 1994 tuna mkataba wa pamoja wa uvuvi, na ofisi yake iko Jinja. Mitumbwi yetu ni midogo, wala simshauri mtu anunue mtambo wa setilaiti kwa mtumbwi wa nyavu mbili. Lakini kanuni ni ile ile: boti iwe na namba inayosomeka, namba iwe katika daftari, na daftari liwe mahali ambapo mvuvi, mchuuzi na mwananchi waweza kulisoma. Daftari linalofungiwa kabatini halimlindi sangara wala ngege.

Kwa wanafunzi wa zamani walio katika ofisi za serikali, mahakama na magazeti, nasema neno moja. Indonesia haikuwa nchi tajiri wala yenye maboti ya kutosha. Habari zile ilikuwa nazo kwa miaka, ndani ya kabati. Kilichobadilika ni uamuzi wa kuzitoa. Na kwa kuwa mawaziri huja na kuondoka, kinachofunguliwa na mmoja chaweza kufungwa na mwingine. Kwa hiyo yafaa uwazi uandikwe katika sheria na katika masharti ya leseni, usitegemee wema wa mtu mmoja.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya AIS na VMS. Kipi kilitengenezwa kwa ajili ya uvuvi?
2. Umbali kutoka dunia hadi mwezini ni kilometa 384,400. Kilometa milioni 460 zilizosafiriwa na meli za uvuvi mwaka 2016 zatosha kwenda mwezini na kurudi mara ngapi?
3. Chora katika karatasi ya miraba njia ya meli ya wavu wa kukokota na ya meli ya wavu wa kuzungusha. Umetambuaje tofauti?
4. Meli imejitangaza kuwa mahali fulani saa 4 asubuhi, na saa 6 mchana mahali palipo mbali kwa maili 500. Wasemaje juu ya habari hizo?
5. "Siri ya njia zangu ni mali yangu." Andika barua fupi ya kumjibu nahodha asemaye hivyo, kisha andika nyingine ya kumtetea. Ipi ilikuwa ngumu kuandika, na kwa nini?